Kuwamo Katika Picha ni Haki ya Kila Mtoto

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa kila mmoja wetu sura yake, wala hakumfanya mja wake yeyote kuwa wa kuachwa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na aali zake na sahaba zake wote.



Juma hili tunajibu barua ya dada yetu mmoja, mzaliwa wa pwani, ambaye yeye na mumewe wamehamia Nyamira kwa ajili ya kazi. Binti yao ana miaka mitano na anasoma chekechea. Darasa lina watoto 30. Muhula ulipokaribia kwisha, mwalimu aliwaomba wazazi shilingi 150 kwa kila mtoto, kwa ajili ya picha ya pamoja. Mpiga picha alikuwa fundi hodari. Hakuwapanga watoto mistari kama askari, bali aliwakalisha kwa umbo la hilali kando ya shamba la chai, kila mmoja ameshika jani la mgomba juu ya kichwa chake mfano wa mwavuli. Picha ikatoka ya kupendeza mno. Walakini walioonekana ndani yake ni 26. Wanne, ambao wazazi wao hawakuwa wameleta fedha, waliambiwa wakae barazani mpaka wenzao wamalize. Binti alipoonyeshwa picha hakuutafuta uso wake mwenyewe. Alimtafuta rafiki yake, na asipomwona akauliza yuko wapi.

Dada yetu anatuuliza mambo matatu. Je, picha yenyewe yafaa kisheria? Je, ailipie na kuiweka, au airudishe? Na shule ikitaka kuitia mtandaoni, je, ana haki ya kukataa?

Kwa swali la kwanza, maulamaa wamehitilafiana tangu kamera ilipoenea katika nchi zetu. Wako waliochukua kwa ujumla hadithi sahihi zinazowakemea watengenezaji wa sura, wakaikataza picha ya kiumbe mwenye roho isipokuwa kwa dharura, kama vile kitambulisho na pasipoti. Miongoni mwao ni Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia. Wako waliosema kwamba kamera haiumbi umbo jipya, bali huzuia tu kivuli cha umbo aliloliumba Mwenyezi Mungu, kama kioo kizuiavyo sura ya ajitazamaye. Hiyo ndiyo kauli ya Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, na Sheikh Yusuf al-Qaradawi akaifuata. Sisi twaegemea kauli hii ya pili, kwa masharti kwamba picha isiwe ya utovu wa haya, isitukuzwe, wala isitumiwe kumdhuru mtu. Kwa watoto jambo ni jepesi zaidi, kwani imepokewa kwamba Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alikuwa akichezea wanasesere nyumbani kwa Mtume naye asimkataze. Hata hivyo, mzazi aliyeshika kauli ya katazo naye ana hoja yake, na shule impasa imheshimu.

Wala sisi watu wa pwani si wageni wa kamera. Unguja ilikuwa na studio za picha tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Mombasa, wazee wetu wengi walivaa nguo za Idi wakenda kwa Parekh kupigwa picha ya familia. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, fundi aliyejifunza mwenyewe. Yeye alikuwa akikata picha kwa mkasi na kuziunganisha, hata mtu akaonekana mahali asipopata kufika. Ubunifu katika picha, basi, ni jambo tulilolizoea zamani, nasi hatumlaumu mpiga picha wa Nyamira kwa majani yake ya mgomba. Kinyume chake, twampongeza.

Na kwa hakika nyanda zile za Gusii zamsaidia fundi. Asubuhi anga la Nyamira aghalabu lina mawingu mepesi, na nuru yake ni laini, haimkunjishi mtoto uso wala haitii kivuli cheusi chini ya macho kama jua la utosi la kwetu. Alasiri mvua hunyesha mara kwa mara, kwa hivyo mwenye busara humaliza kazi yake mapema. Chai ya kijani, udongo mwekundu na migomba ni pazia tosha lisilohitaji kuchorwa. Fundi mwema hupiga goti, lenzi yake ikalingana na macho ya watoto, asiwatazame kutoka juu kama mwenye kuwakagua. Huupunguza mwanya wa lenzi ili uso wa aliye nyuma usitoke na ukungu ilhali wa mbele waonekana wazi. Hupiga picha nyingi kwa haraka, kwa kuwa katika watoto 30 hapakosi aliyefumba macho, na subira ya mtoto wa chekechea haizidi dakika chache. Hawapandishi watoto ukutani, wala hawapeleki penye mteremko ulioteleza kwa mvua. Huwaamkia kwa lugha ya kwao, kwani mtoto wa Kigusii akisikia "Bwakire" hutabasamu bila kuombwa. Na mtoto aliyekuja na mtandio wake humwacha nao. Hatuwajibishi watoto wa umri huo hijabu, lakini hakuna picha inayoharibika kwa mtandio, wala watoto hawahitaji kufanana vichwa ndipo wawe darasa moja.

Yote hayo ni ustadi. Sasa twarudi kwa wale wanne wa barazani, kwani hapo ndipo penye uzito wa barua hii.

Dada zetu, yako mambo mawili ambayo shule nyingi huyachanganya: kuwamo katika picha, na kumiliki nakala ya picha. Nakala ni bidhaa. Imechapishwa kwa gharama, na mpiga picha ana haki ya ujira wake, asiyelipa hapewi. Ama kuwamo katika picha ya darasa si bidhaa, ni haki itokanayo na kuwa mwanafunzi wa darasa lile. Mtoto aliyesoma pamoja na wenzake mwaka mzima, akaimba nao, akala nao uji, hawezi kutolewa darasani kwa muda wa picha kisha arudishwe kuendelea na masomo. Picha hiyo itakaa miaka mingi kuliko deni lile. Wenziwe wakiwa watu wazima wataitazama na kusema hili ndilo darasa letu, na picha itakuwa inasema uongo.

Tufanye hesabu. Watoto wanne kwa shilingi 150 ni upungufu wa shilingi 600. Ukizigawanya kwa wazazi 26 waliolipa, hazifiki shilingi 24 kwa kila mmoja. Kwa shilingi 24, bei isiyotosha hata pakiti ndogo ya maziwa, watoto wanne wamefunzwa wakiwa na miaka mitano kwamba umaskini wa wazazi wao ni kosa lao. Na wale 26 nao wamefunzwa jambo baya zaidi: kwamba mwenzako akitolewa, wewe tabasamu tu utazame kamera.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataa kuwa shahidi wa zawadi ambayo Bashir alimpa mwanawe Nuumani pasipo kuwapa watoto wake wengine, akamwamrisha amche Mwenyezi Mungu na afanye uadilifu baina yao. Na mwalimu kwa watoto wa darasa lake ni mfano wa mzazi. Tena twaikumbuka Sura ya Abasa, iliyoteremka kwa sababu ya kipofu Abdullahi bin Ummi Maktumu, aliyekuja kutafuta elimu wakati wakuu wa Makureshi wamekaa. Ikiwa ukunjaji wa uso mbele ya mtu asiyeuona umeteremshiwa aya, je, tuseme nini juu ya watoto wenye macho, wanaotazama kutoka barazani?

Kwa hivyo jibu la swali la pili ni hili. Dada yetu, usiirudishe picha. Mwanao hakukosa, na aliyefanya kazi alipwe. Lakini nenda shuleni kwa upole, pamoja na mzazi mmoja au wawili wa majirani zako, muombe picha irudiwe kabla shule haijafungwa, nanyi mchange upungufu ule kwa siri, bila majina kutajwa. Haidhuru kwamba wale wanne si Waislamu. Haki ya jirani haiulizi kibla. Kwa muhula ujao, shauri kwamba mpiga picha apatane na darasa zima kwa bei moja, watoto wote wapigwe, kisha nakala zinunuliwe na mwenye kutaka. Akiwapo mgonjwa siku hiyo, apigwe baadaye na kuunganishwa kwa kompyuta, kama Bakor alivyofanya kwa mkasi wake. Chombo kimtoacho mtoto chaweza pia kumrudisha.

Ama yule ambaye wazazi wake hawataki apigwe picha kwa sababu ya dini au usalama, hilo liulizwe mapema kwa barua, na siku ile apewe shughuli ya heshima karibu na mwalimu, asionekane kama aliyeadhibiwa.

Swali la tatu lina jibu fupi. Ndiyo, una haki. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na picha ya uso wake ni miongoni mwa taarifa hizo. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto pasi na idhini ya wazazi. Kukubali mwanao apigwe picha ya ukumbusho si kukubali awe tangazo. Andika barua, weka nakala yake, na shule ikipuuza, kumbuka kwamba elimu ya chekechea iko chini ya serikali ya kaunti, na ofisi yake ina mlango. Nasi wazazi tujihimu pia: tusiirushe picha ya darasa zima katika makundi ya simu ilhali ndani yake mna watoto wa watu 29 ambao hatukuwauliza.

Uso wa mtoto ni amana. Ameukabidhi Muumba kwa wazazi, na wazazi huuazima kwa mwalimu kila asubuhi. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaorudisha amana kwa wenyewe, awape waalimu wetu moyo wa uadilifu, na awape wale wanne wa Nyamira nafasi katika picha, katika darasa na katika maisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.