Kaboni Yako Haiko Kwa Chaja ya Simu

Wasee, hizi kalkuleta za kaboni mnazonitumia inboksi zilitengenezewa nani? Unaulizwa kama uko na mashine ya kukausha nguo, na mwaka huu umepanda ndege mara ngapi. Unaishi Umoja, nguo zinakaushwa na jua. Ukimaliza unaambiwa upunguze. Upunguze gani?

Nyayo za kaboni ni hesabu tu: gesi za kupasha dunia joto zinazotokana na unachofanya na unachonunua, kwa kilo au tani. Niliacha kampasi, lakini kugawanya sikuacha huko. Twende.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi. Lita yenyewe haifiki kilo moja, lakini kaboni yake hushikana na oksijeni ya hewani, uzito unapanda. Tuseme mtu ako peke yake kwa gari, Thika hadi tao, amechoma lita 4. Hizo ni kilo 9.2, zote zake. Mathree ya abiria 14 ichome lita 5 za dizeli, kila lita kama kilo 2.7. Jumla 13.5. Gawanya kwa 14: kila mtu hafikishi hata kilo. Na huyo wa mathree ndiye anahubiriwa!

Simu nayo? Kuchaji si kitu. Stima yetu nyingi ni ya jotoardhi ya Olkaria, maji na upepo. Kaboni kubwa ya simu ilitoka ikitengenezwa, kabla ufungue boksi. Nyinyi wa kubadilisha simu kila mwaka, hapo sasa tunaongea.

Na mjue mmoja wa waliotangaza sana hii hesabu ya mtu binafsi ni BP, kampuni ya mafuta. Ilitoa kalkuleta yake 2004. Muuza mafuta anakuuliza wewe umechoma ngapi! Ukigawanya kaboni ya mafuta, gesi na makaa ya mawe kwa watu, Mkenya ako karibu nusu tani kwa mwaka. Mmarekani, karibu tani 14.

Sisemi msipime. Pimeni, ndio mjue wa kuulizwa ni nani. Barabara ikipanuliwa, uliza leni ya basi iko wapi. Mimi brandi ikinijia na kampeni ya "kijani", swali la kwanza ni moja: nyinyi ni tani ngapi kwa mwaka? Wengine hawajibu tena. Doh inapotea, ndio, lakini siwezi kuwauzia nyinyi hesabu ambayo mwenyewe hataki kuonyesha.