Msimdharau Mpiga Besi

Vijana wanne wakikutana Jumamosi alasiri, iwe ni Section 58, Lanet au Njoro, wakaamua kuanzisha bendi ya roki, jambo la kwanza kuwagombanisha si jina la bendi wala nyimbo za kupiga. Ni nani atashika besi. Wa kwanza anataka kuimba. Wa pili ana gita lake la solo na hasikii la mtu. Wa tatu amekwisha kalia ngoma. Anayebaki, aghalabu yule mpole asiyejua kubishana, huambiwa, "Basi wewe utapiga besi." Naye hukubali shingo upande, kama mtoto aliyesukumwa golini kwa sababu hajui kupiga chenga.

Asione haya. Mwaka 1961, mpiga besi wa Beatles, Stuart Sutcliffe, alipojitoa katika kundi mjini Hamburg, hakuna aliyekuwa na hamu ya kuchukua nafasi yake. Mzigo ukamwangukia Paul McCartney, ambaye mpaka hapo alikuwa akipiga gita la kawaida na piano. Yaliyofuata dunia nzima inayajua.

Lakini siku hizi vijana wamepata jibu jingine. Husema: kwani lazima besi iwepo? Kinanda kipo, kompyuta ipo, magita mawili yanatosha. Swali hilo si la kijinga, wala si la watu wa roki peke yao. Wenye baa huliuliza wakipiga hesabu ya malipo. Makanisa huliuliza yakinunua vyombo. Wazazi nao huliuliza wakiombwa fedha za gita la pili wakati karo ya muhula haijakamilika. Tulitazame basi kwa utulivu.

Kwanza, besi ni nini? Gita la kawaida lina nyuzi 6. La besi lina nyuzi 4, nene na ndefu zaidi. Uzi mzito kabisa wa gita la kawaida hutikisika kama mara 82 kwa sekunde. Ule wa besi hutikisika kama mara 41, yaani nusu. Kabla ya hapo sauti hiyo ilitolewa na fidla kubwa mno ambayo mtu huipiga akiwa amesimama, na ambayo vikundi vya taarabu vya Unguja kama Culture Musical Club havijaiacha. Mwaka 1951, Leo Fender wa California alianza kuuza gita la besi la umeme, jepesi, la kuning'inizwa begani. Roki ilipozaliwa, ililikuta chombo hicho tayari.

Msomaji aliyepata kuimba katika kwaya ya shule anaelewa jambo hili bila kufunzwa. Soprano, alto na tenor wakiimba peke yao, wimbo ni mtamu lakini unaelea. Besi wakiingia, wimbo unakaa chini. Na si kukaa tu. Hebu gita lipige do, mi na so kwa pamoja. Besi ikipiga do chini yake, wimbo unachangamka. Gita lisibadilishe chochote, lakini besi iteremke hadi la, na papo hapo wimbo ule ule unaingiwa na huzuni. Mpiga solo anadhani yeye ndiye anayeupeleka wimbo, kumbe kuna mtu nyuma yake anayeamua ni wimbo wa arusi au wa matanga.

Mbona basi hatumsikii? Sababu moja ni vifaa vyetu. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti nzito kama ile ya mara 41 kwa sekunde. Kijana anayejifunza muziki wake wote kupitia simu husikia waimbaji, solo na makofi ya ngoma. Besi hupata kivuli chake tu. Mpandishe kijana huyo huyo matatu yenye spika kubwa chini ya viti, kutoka mjini hadi Bahati, na atakuambia muziki umemwingia kifuani. Kilichomwingia kifuani ni besi pamoja na ngoma kubwa. Tunaipenda sauti, lakini mwenyewe hatumjui.

Haki hata hivyo ni kusikiza upande wa pili. Wapo waliofanya bila mpiga besi, na wakafanikiwa. The Doors wa Marekani hawakuwa na mpiga besi jukwaani; Ray Manzarek alipiga ogani kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akapiga kinanda kidogo cha sauti za besi. Hata hivyo, wakiingia studio mara nyingi walimkodi mpiga besi. The White Stripes wa Detroit walikuwa wawili tu, gita na ngoma, kuanzia 1997 hadi walipovunja kundi mwaka 2011. Ule wimbo wao wa 2003, "Seven Nation Army", ambao mashabiki wa kandanda huuimba viwanjani, wengi hudhani unaanza kwa besi. La, ni gita lililoteremshwa sauti kwa mtambo unaokanyagwa kwa mguu. Naye Prince, mwaka 1984, aliifuta besi yote katika wimbo "When Doves Cry", ukatoka mkavu, na ukafika namba moja Marekani.

Hapa kwetu Kenya walitokea Duma, kundi la wanaume wawili kutoka Nairobi, ambao santuri yao ya mwaka 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Muziki wao ni wa kelele na makeke, gita likichanganywa na mitambo ya umeme. Mpiga besi hayumo.

Tazama vizuri mifano hiyo, msomaji. Manzarek aliifanya kazi ya besi kwa mkono wake. White Stripes waliifanya kwa mtambo. Duma wakategemea mashine. Prince peke yake ndiye aliyeiacha nafasi wazi, naye aliiacha baada ya kuipiga na kuisikia, akijua anachoondoa. Kumbe mpiga besi anaweza kukosekana, lakini kazi ya besi haikosekani hivi hivi. Atakayeondoa nguzo sharti ajue paa litashikwa na nini.

Jambo hilo wazee wetu walilijua zamani. George Mukabi wa magharibi mwa Kenya, aliyefariki mwaka 1963, alipiga gita moja kavu, dole gumba likicheza besi na kidole cha shahada kikicheza solo, huku mwenzake akikwaruza chupa ya soda. Mpiga nyatiti wa Kijaluo ana nyuzi 8 na pete ya chuma katika kidole cha mguu cha kugongea mdundo. Wakisii nao wana obokano, zeze kubwa lenye sauti nzito inayonguruma. Hakuna kati yao aliyesema sauti ya chini haina maana.

Tukirudi Nakuru, hapa mpiga besi ameonja uchungu kwa njia nyingine. Tangu miaka ya 1990, katika baa za mji huu, wa Nairobi na wa Mlima Kenya, umeenea mugithi wa mtu mmoja na gita lake, ambao watu huuita "one-man guitar", na ambao ulimpatia umaarufu mtu kama Mike Rua. Mugithi kwa Kikuyu ni gari la moshi, na kweli wachezaji hushikana mabega wakapanga mstari kama mabehewa. Mwimbaji ana gita, kipaza sauti, na mashine au kinanda kilichotegwa ngoma na besi tayari.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme, kwa mfano tu, mwenye baa ametenga shilingi 10,000 za usiku mmoja. Bendi ya watu 5 itagawana 2,000 kila mmoja, kabla ya nauli na kukodi vyombo. Mtu mmoja atabeba zote. Mwenye baa naye anapata meza mbili zaidi mahali palipokuwa na bendi. Sitamlaumu yeyote, watoto wao wanakula kama wetu. Lakini tujue kinachopotea. Mashine haimwangalii mchezaji. Wacheza wakichemka saa saba za usiku, mpiga besi wa kweli huona, akamkonyeza mpiga ngoma, wakauzungusha wimbo upya. Mashine hufika mwisho wake ilivyopangwa. Na anayefukuzwa kwanza na hesabu hiyo si mwimbaji wala mpiga solo. Ni yule wa nyuma.

Wala mkoa huu hauna uhaba wa mifano ya kujifunzia. Umbali mfupi kutoka hapa, mjini Kericho, ndiko ilikokuwa studio ya Chandarana, ambako benga nyingi za Waluo na Wakalenjin zilirekodiwa. Besi ya benga haikai kimya nyuma. Huruka, hukatiza, hubishana na solo. Au chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika, kundi lililoanzishwa mwaka 1978. Mwondoe Tom Malanga na besi yake katika wimbo ule, kisha uniambie umebakiwa na nini. Kijana wa roki anayedhani lazima aende Uingereza kutafuta mwalimu wa besi, aanze na kabati la santuri za babake.

Jibu langu basi ni hili. Bendi ya roki iliyokomaa inaweza kuamua kutokuwa na mpiga besi, mradi iwe imeamua. Bendi inayoanza haifai kujaribu. Inayomkosa kwa sababu kila mtu anataka kuonekana haijaamua chochote. Imeshindwa tu kukubaliana. Na bendi ambayo haikuweza kumpata mmoja wa kukaa nyuma na kuwasikiza wenzake, siku ya kugawana fedha itavunjika.

Kwa wazazi, nina machache ya kuwapunguzia gharama. Nyuzi 4 nene za gita la kawaida zina majina yale yale na mpangilio ule ule wa nyuzi za besi. Tofauti ni kwamba za besi zimeteremka chini zaidi. Mtoto anaweza kujifunza kazi ya besi kwa gita lililomo nyumbani, na akionyesha bidii ndipo mfikirie kununua jingine. Msikubali afunge nyuzi za besi katika gita la kawaida, maana mvuto wake unaweza kupinda shingo ya gita. Msimruhusu pia kuunganisha besi kwa amplifaya ndogo ya gita na kuifungulia mpaka mwisho, spika itapasuka. Na mnaoishi katika nyumba za ghorofa, kumbukeni kwamba sauti nzito hupenya ukuta kuliko nyembamba. Mnunulieni vichwani vya kusikilizia kabla jirani hajagonga mlango.

Kwa kijana aliyesukumwa golini, nina neno moja. Wapiga solo katika mji huu ni wengi na wote wanatafuta kazi. Mpiga besi anayeshika wakati, asiyepiga noti zisizohitajika na anayekuja mazoezini mapema, bendi tatu zitamgombania. Shika nyuzi zako nne, mtafute mpiga ngoma, kaeni nyinyi wawili mwezi mzima kabla ya kuwaita wengine. Wenye solo watakuja wenyewe.