Zau Asema Kiswahili: Wahakiki Wetu Wako Wapi?

Waliosoma chuoni watakumbuka kwamba mwalimu hakukuacha upite na kosa. Ukiivuta herufi isiyovutwa, au ukiifupisha ile itakiwayo kurefushwa, bakora iligonga mkeka nawe ukarudia kutoka mwanzo. Wakati ule tuliuona ni ukali mtupu. Leo, umri umeshavuka hamsini, natambua kwamba ilikuwa heshima. Mwalimu alikuwa akitusikiliza, herufi kwa herufi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikijua tulichokisoma.

Nayakumbuka haya kwa sababu ya mchezo wa video, na nawaomba wenzangu wa barazani wasinicheke kabla sijamaliza. Alasiri moja, nyumbani Msambweni, niliwakuta vijana wamejikusanya mbele ya mashine ya PlayStation iliyoletwa na jamaa yetu afanyaye kazi Dubai. Siku zote mashine hiyo hunguruma kwa Kiingereza na milio ya bunduki. Siku hiyo ilikuwa ikisema Kiswahili. Nikavua viatu, nikaketi.

Mchezo wenyewe waitwa Tales of Kenzera: Zau. Ulitolewa Aprili 2024 na kampuni kubwa ya Electronic Arts, nao umetengenezwa na Surgent Studios ya Uingereza. Mwenye studio hiyo ni Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza, mwenye asili ya Kenya. Alifiwa na babake, na badala ya kuandika marsiya, akatunga mchezo. Ndani yake yumo kijana Zuberi, naye amefiwa na baba, anayekisoma kitabu alichoachiwa na marehemu. Katika kitabu hicho twakutana na Zau, mganga kijana aendaye kwa Kalunga, mwenye mamlaka ya mauti, kumtaka amrudishie babake. Kalunga ampa sharti la kumletea pepo watatu wakubwa. Zau ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, na kwa nguvu za vinyago hivyo huruka na kupigana kama mashujaa wa ajabu wa vitabu vya picha vya Marekani.

Wahakiki wa Ulaya na Marekani waliupokeaje? Kwa hakika hawakuudharau. Wengi waliisifu hadithi yake ya huzuni, wakausifu muziki, rangi na uigizaji wa sauti, hasa ya Salim mwenyewe ambaye ndiye Zau katika Kiingereza. Kisha wakaja kwenye kasoro: maadui ni wa namna chache, njia ni moja iliyonyooka, kuna mahali mchezaji akikosea kidogo tu afa papo hapo, na mchezo wamalizika upesi. Wengine waliupima na Prince of Persia: The Lost Crown, uliotoka Januari mwaka huo huo, wakauona huo wa Mwajemi umeuzidi kwa ufundi. Wastani wa alama zake ukasimama baina ya sabini na themanini kwa mia.

Mimi si mpiganaji wa vidole, kwa hivyo hesabu ya maadui nawaachia wao. Lakini hebu tuulete mchezo mwengine kwenye mizani. Mwaka 2020 studio ya Insomniac ya Marekani ilitoa Spider-Man: Miles Morales, tawi lililochipuka kutoka mchezo wa Spider-Man wa mwaka 2018. Miles ni kijana mweusi, mama yake asili yake Puerto Rico, na babake aliuawa katika mchezo ule wa kwanza. Wahakiki waliona kuwa mchezo wake nao ni mfupi. Hata hivyo wengi walisema ufupi huo wamfaa, wakaupa zaidi ya themanini. Tena huo uliuzwa dola 50 ulipotoka, na ule wa Zau dola 20.

Sisemi kwamba wote walifanya dhuluma. Mchezo wa Miles umeundwa kwa fedha nyingi na mapigano yake ni mazuri zaidi, vijana wa Msambweni wenyewe waliniambia. Lakini kuna sababu nyengine. Spider-Man yuko katika vitabu vya picha tangu mwaka 1962. Mhakiki wa New York alimkuta tangu utotoni. Tawi linapochipuka, yeye analijua shina, anaona ni kipi kilichorithiwa na ni kipi kilichoongezwa, na pale penye upungufu anajaza mwenyewe kwa kumbukumbu zake. Zau naye ni tawi, na shina lake ni ngano za Waafrika. Mhakiki asiyelijua shina hilo huliona tawi limening'inia hewani. Atahesabu majani yake, maana ndiyo ayaonayo.

Shina hilo twalijua sisi. Mtu akija hapa Kwale akasimulia kwamba Fumo Liyongo aliuawa kwa mkuki wa chuma, hata mtoto atamkatiza: la, ni sindano ya shaba, kitovuni. Huo ndio uhakiki. Basi Zau naye tumkatize panapostahili.

Mimi naanza na majina. Mchezo wamwita Zau nganga, tamko la Kongo. Mswahili husema mganga, Mdigo husema muganga. Kalunga pia ni wa huko Kongo na Angola, na neno hilo hubeba maana ya bahari na ya mpaka baina ya walio hai na wafu. Lakini pepo mmoja, Impundulu, ndege wa radi, ni wa Wazulu na Waxhosa. GaGorib ni wa Wakhoikhoi, ambao si Wabantu. Kikiyaon atoka Senegali na Gambia. Hao wote wametiwa chungu kimoja na kuambiwa ni nchi moja. Mtunzi ana ruhusa ya kuchanganya, hata washairi wetu walichanganya. Lakini aliyekulia penye Kaya Kinondo anajua kwamba kila kaya ina miiko yake na wazee wake, na ya Kinondo si ya Rabai. Katika tahakiki nilizozisoma sikumwona aliyeuliza swali hili. Wangeulizaje?

Halafu sifa. Zau akichoka huketi chini ya mbuyu, akazungumza na Kalunga juu ya uchungu wake. Baadhi ya wahakiki waliona mazungumzo ya namna hiyo yanaurudisha nyuma mwendo wa mchezo. Mtu wa Diani aliyepata kuketi kwenye kivuli cha mibuyu karibu na Msikiti wa Kongo, akingoja adhana na kumkumbuka marehemu wake, hawezi kusema kwamba hapo mwendo umerudi nyuma.

Rafiki yangu mmoja, mcha Mungu, aliniambia: "Bwana, wewe umesoma chuoni, utausifuje mchezo wenye mungu wa mauti?" Nilimjibu kwamba sikubaliani na itikadi hiyo wala simshauri mtu kuifuata. Sisi twaamini kwamba roho huchukuliwa kwa amri ya Mola mmoja, na malaika ni mtumwa tu. Lakini hadithi huhukumiwa kwa mwisho wake, si kwa majina yaliyomo. Na mwisho wa hadithi hii ni nini? Kijana aliyetaka kumrudisha babake kwa nguvu ajifunza kumwacha aende. Jina la jambo hilo kwetu ni subira, na ndilo tunalohimizana kila tutokapo makaburini.

Nina ushahidi mmoja, nao ni wa nyumbani. Katika vijana wale yumo mtoto wa ndugu yangu. Babake, mvuvi, tulimzika Msambweni baada ya maradhi mafupi. Mtoto hakulia mazikoni, hakulia hitimani, wala hakukanyaga tena makaburini. Kiingereza chake ni cha kubahatisha. Hadithi ya Zau aliifuata kwa Kiswahili, jioni baada ya jioni, bila mkalimani. Usiku alioumaliza mchezo alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza: "Ami, kesho baada ya Alfajiri, twaweza kwenda kumzuru baba?" Tulikwenda. Sikumuuliza lolote, na kwa kweli nami nilikuwa na haja ya kwenda.

Alama za mhakiki wa Ulaya zitalipimaje jambo hilo? Sikatai kwamba wapo wenzao walioliona. Aprili 2025 mchezo huu ulipewa tuzo ya BAFTA ya Uingereza kwa michezo inayovuka mpaka wa burudani. Lakini tuzo hiyo ilikuta maji yameshamwagika. Mwaka 2024 Salim alijitokeza hadharani kueleza matusi ya ubaguzi wa rangi yaliyorushwa kwake na kwa wenzake, na kabla mwaka huo haujaisha studio ilikuwa imepunguza wafanyakazi wake. Wenye kutukana walipiga kelele. Wenye lugha, yaani sisi, tuko wapi? Tumezoea kunung'unika kwamba dunia haisemi Kiswahili. Iliposema, hatukusikiliza hata ile herufi moja ya kuisahihisha.

Nionavyo mimi, hapana budi kurasa zetu, redio zetu na walimu wetu wa Kiswahili waanze kuihakiki michezo hii kama tunavyohakiki riwaya na tarabu. Watoto wamo ndani yake tayari, tupende tusipende. Mwalimu wa Ukunda awaulize wanafunzi wake: Kiswahili cha Zau ni cha wapi, na mganga wake yuko tofauti gani na waganga tuwajuao hapa Kwale? Mwenye sifa asifu, mwenye kosa alitaje kwa hoja, bila matusi.

Mwaka 2024 studio hiyo ilitangaza kwamba imebuni mchezo mwengine katika ulimwengu huo huo wa Kenzera, kwa jina la muda la Project Uso. Uso ni neno letu, halihitaji kufasiriwa. Kama Mungu atajaalia tawi hilo litoke, wageni watalihesabu majani kama kawaida yao. Sisi wa pwani tuketi mkekani tulisikilize herufi kwa herufi, na bakora iwe karibu.