Jemadari wa Kuazima

Tunapokumbushana jinsi nchi zetu zilivyotwaliwa, mara nyingi huanza na manowari na mizinga. Ni kweli mizinga ililia. Lakini kabla ya mizinga kulia, mara nyingi palikuwa na mtu aliyekwisha piga hodi, akakaribishwa, akapewa kiti, na mwishowe akapewa funguo za nyumba. Juma hili twataka kusema habari za mtu mmoja wa namna hiyo, kwa sababu kazi aliyoifanya Unguja ina mafunzo ambayo hayajazeeka.

Mtu huyo ni Lloyd Mathews, Mwingereza aliyezaliwa katika kisiwa cha Madeira mwaka 1850. Aliingia katika jeshi la wanamaji la Kiingereza mwaka 1863, angali mtoto wa miaka 13. Alipigana katika vita vya Waashanti mwaka 1873 na 1874, akapata cheo cha luteni, na mwaka 1875 akaletwa Unguja katika manowari London. Manowari hiyo ilitia nanga bandarini, na mashua zake zilikuwa zikisaka majahazi yaliyochukua watumwa. Kazi hiyo ilikuwa njema, na hatuna haja ya kumnyima mtu haki yake.

Mwaka 1877 Seyyid Barghash alitaka jeshi la namna mpya. Walinzi aliokuwa nao, Waarabu na Wabulushi, walitosha kulinda jumba na ngome. Hawakutosha kuishika bara. Waingereza wakamwazima Luteni Mathews, na pamoja naye wakatoa bunduki 500 za Snider. Mathews akaandikisha vijana wa Kiafrika, akawafundisha gwaride na shabaha, na katika miaka michache wakazidi elfu moja. Mwaka 1881 aliacha utumishi wa Malkia baharini, akawa Brigedia Jenerali wa Seyyid. Kwa macho ya watu, sasa alikuwa mtumishi wa Unguja.

Akawa pia mjumbe wa Seyyid. Mwaka 1885 alipanda mpaka Kilimanjaro kuwafanya wakuu wa Uchaga na Taita waikubali bendera ya Seyyid, kabla Wajerumani hawajawahi. Lakini mwezi wa Agosti mwaka huo huo manowari za Wajerumani zilifika mbele ya jumba la Barghash na kumtaka ayakubali madai yao ya bara. Jeshi la Mathews lilikuwapo. Halikufyatua risasi. Serikali ya London ilikuwa imekwisha amua kutogombana na Wajerumani, na Balozi wake, Sir John Kirk, akamshauri Seyyid akubali. Barghash akakubali. Siku ile ndiyo angepaswa kutambua kwamba rafiki aliyemtegemea alikuwa na bwana mwingine.

Mwaka 1890 Unguja ikawekwa chini ya himaya ya Kiingereza. Mwaka 1891 Mathews akafanywa Waziri Mkuu wa serikali ya Seyyid. Mshahara ulitoka katika hazina ya Unguja, lakini Seyyid hakuwa na uwezo wa kumwondoa bila ya idhini ya Waingereza. Hebu tulifikiri jambo hilo. Mtumishi ambaye bwana wake hawezi kumwachisha kazi, ni mtumishi wa nani?

Jibu lilipatikana mwezi wa Agosti 1896. Tarehe 25 Seyyid Hamad bin Thuwaini alifariki, na Seyyid Khalid bin Barghash akaingia jumbani akajitangaza mfalme bila kuwataka shauri Waingereza. Tarehe 27, saa tatu ya asubuhi, manowari za Admirali Rawson zikaanza kupiga. Kwa muda wa dakika arobaini hivi jumba lilibomoka, marikebu Glasgow ya Seyyid ikazama bandarini, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid wakauawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Na lile jeshi lililoundwa kumlinda Seyyid? Askari wake wapatao 900, chini ya Luteni Raikes, walijipanga upande wa Waingereza. Waliokuwa ndani ya jumba walikuwa watu wa nchi, na waliojipanga nje walikuwa watu wa nchi. Aliyewatenga ni yule aliyeshika amri.

Mathews aliendelea na uwaziri wake mpaka alipofariki Unguja mwaka 1901, akazikwa huko huko kwa heshima za kijeshi.

Hatuandiki haya ili kuulilia usultani. Dola ile ilikuwa na madhambi yake, na utumwa ni doa lisilofutika. Wala hatusemi kwamba Mathews alikuwa mtu mwovu. Kosa lilikuwa katika mapatano yenyewe, nayo mapatano ya namna ile yakifanywa na mtu mwema huleta hasara ile ile. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri, nalo jeshi la kuazima ni nguo ya namna hiyo.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yaliisha na masultani. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, lakini jeshi lake liliendelea kuongozwa na maofisa wa Kiingereza. Mwezi wa Januari 1964 askari wa Colito waliasi, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa hao. Serikali huru ikalazimika kuwaita askari wa Kiingereza kutoka manowari Centaur waje kuzima maasi. Aibu ile haikufichwa. Jeshi la zamani likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Hiyo ndiyo dawa ambayo Barghash hakuipata.

Leo manowari za mataifa makubwa zingali zikitia nanga katika bandari za Afrika, na wakufunzi wao wanaendelea kuja. Waje, elimu haina mpaka, na bahari yataka walinzi waliofundishwa. Lakini kila mkataba unapoletwa mezani, wananchi na wawakilishi wao waulize mambo matatu. Nani anaweza kumwondoa mgeni huyu siku tukimchoka? Funguo za ghala la silaha analala nazo nani? Na siku amri ya nchi yetu ikigongana na amri ya kwao, atatii ipi?

Majibu yasipokuwa wazi, mkataba huo usitiwe sahihi. Barghash hakuuliza. Sisi tunayo historia yake mbele ya macho yetu, na hatutakuwa na udhuru.