Badilisha Menyu, Lakini Usiue Viungo

Leo nina neno na wenye tovuti, hasa wale wanaobadilisha menyu kila mwaka kama watu wanaopaka nyumba rangi Krismasi ikikaribia.

Menyu yenyewe si kazi. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010, WordPress humwezesha mtu yeyote kupanga viungo kwa kuburuta tu, bila kuandika msimbo. Unaondoa "Kuhusu Sisi", unapandisha "Bei" juu, unaongeza kiungo cha nje ukipenda. Shida huanza pale anwani ya ukurasa inapobadilishwa pamoja na jina lake. Uliokuwa /bei.html sasa ni /huduma/bei/, menyu inapendeza, mwenye tovuti anatabasamu. Na ile anwani ya zamani? Iko kwenye bango, kwenye SMS, kwenye fomu ya shule aliyo nayo mzazi huko Kitui. Karatasi iliyo mkononi mwa mtu huwezi kuibadilisha. Ataandika anwani herufi kwa herufi, bando liliwe, kisha apewe 404.

Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa Wavuti, alionya mwaka 1998 kuwa anwani za kurasa hazifai kubadilishwa. Mimi sifiki huko. Badilisha, ila acha maelekezo. Kwenye seva ya Apache ni mstari mmoja tu katika faili la .htaccess:

Redirect 301 /bei.html /huduma/bei/

301 husema ukurasa umehama kabisa, 302 husema umehama kwa muda. Usizichanganye! Kivinjari huweza kuikumbuka 301, kwa hiyo hata ukiifuta kwenye seva, mgeni wako aendelee kupelekwa kule kule. Mimi huanza na 302, nikishaijaribu nikaridhika ndipo naigeuza.

Kinachoniudhi zaidi ni kuelekeza kila anwani ya zamani kwenye ukurasa wa mwanzo. Mtu amekuja kuulizia bei, wewe unamrudisha getini. Hata Google huweza kulihesabu elekezo la namna hiyo kama 404, na sioni ubaya wao. Ikiwa ukurasa umeondolewa moja kwa moja na hauna mbadala, toa 410 na umwambie msomaji hivyo kwa maneno ya kawaida.

Kwa hiyo kabla hujahifadhi menyu mpya, fungua kumbukumbu za seva uone ni anwani zipi za zamani zinazoombwa zaidi. Anza na hizo.