Sahani ya Marehemu Mama na Safari ya Maskati



Katika barua za mwezi huu imo ya dada mmoja wa Mombasa, nasi twaona yafaa kujibiwa hadharani, kwani jambo lake limo katika nyumba nyingi za mwambao wetu. Mama yake amefariki, naye ameacha sahani kubwa ya kauri ya Kichina, ya buluu na nyeupe, iliyokuwa ikikaa kidakani katika nyumba yao ya Lamu tangu zama za bibi yao. Marehemu alizoea kusema, "Hii ni ya binti yangu wa Maskati." Sasa huyo wa Maskati aitaka, mmoja katika ndugu zao wanaume asema haitoki nyumbani, na dada yetu, ambaye ndiye aliyeihifadhi, atuuliza mambo mawili: aifunge vipi hata ifike salama, na ikivunjika njiani, ni nani mwenye kulipa?

Dada yetu amelishika swali kwa upande wake wa mwisho. Kabla ya pamba na sanduku yataka ijulikane kwanza: sahani hii ni ya nani?

Kusema "hii ni ya fulani" peke yake hakumpi mtu mali. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani hii, wamesema kuwa hiba haitimii ila kwa kukabidhiwa. Lau marehemu angaliitoa kidakani akampa binti yake mkononi, au akampa mtu aipokee kwa niaba yake, ingalikuwa yake toka siku hiyo. Lakini maadamu ilibaki pale pale, katika mamlaka ya mama mpaka siku ya kufa kwake, basi ni katika mali ya mirathi, na kila mrithi ana fungu lake ndani yake. Na akitokea wa kusema kuwa maneno yale yalikuwa ni wasia, na ajue kuwa wasia kwa aliye mrithi hausimami ila wakiuridhia warithi wenziwe, na ridhaa inayohesabiwa ni ile ya baada ya mauti, si ya kabla.

Haya yasimvunje moyo binti wa Maskati, kwani njia ziko. Sahani yaweza kutiwa thamani na mtu mjuzi, kisha ikahesabiwa katika fungu lake. Au ndugu zake waweza kumwachia kwa radhi yao. Lakini radhi iwe ya kusemwa, wala isiwe ya mtu kunyamaza kwa haya mbele ya wakubwa zake. Na ikiwa miongoni mwa warithi yumo mtoto asiyebaleghe, hapana mtu mzima awezaye kumsamehea haki yake. Thamani ya fungu lake itolewe kamili na kuwekwa. Ama huyo ndugu asemaye haitoki, asifanywe mkorofi. Ana haki katika kitu hicho kama wenziwe, na mwenye haki huombwa kwa upole. Twajua nyumba ambazo ndugu wa tumbo moja wameacha kuzikana kwa ajili ya chombo ambacho hata hakikuwahi kuliwa chakula.

Sasa twaja kwenye jawabu la nani alipe. Warithi wote wakiisha kuridhia, dada yetu na yule atakayeichukua ni watu wenye amana, na mwenye amana halipi kilichoharibika ila akizembea au akivuka mpaka aliowekewa. Mpwa akiambiwa, "Ishike mkononi," naye akaitia katika mizigo ya chini ya ndege, ikavunjika, atalipa, kwa kuwa amekhalifu. Akiishika kama alivyoambiwa, kisha akasukumwa na watu ngazini, hana la kulipa. Lakini dada yetu akiituma kwa siri bila ya idhini ya wenziwe, basi hapo atalipa mafungu yao hata kama aliifunga kwa hariri na ajali haikuwa yake. Mtume wetu (S.A.W.) alipohama Makka mwaka 622, katika saa ya hatari, alimwacha Sayyidna Ali nyuma yake arudishe amana za watu kwa wenyewe.

Iko na idhini nyingine ambayo wengi huisahau, nayo ni ya serikali. Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 yahesabu kuwa vya kale vitu vilivyofanywa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, navyo havitolewi nje bila ya kibali. Sahani ya zama za bibi yaweza kuwa humo. Ipigwe picha mbele na nyuma, ziende picha hizo kwa watu wa Makumbusho kabla ya kukata tikiti. Ni afadhali kungoja kuliko kunyang'anywa uwanjani.

Ama kufunga, elimu yake ni ya kale. Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung huko Indonesia, lilipatikana jahazi lililozama katika karne ya 9, lililoshonwa kwa kamba kama ilivyokuwa mitepe yetu, nalo limepakia vyombo vya China karibu 60,000. Bakuli moja lina tarehe inayolingana na mwaka 826. Mabakuli mengi yalikuwa yamepangwa ndani ya mitungi mikubwa, yamebanana hata hayana nafasi ya kugongana. Na baada ya miaka zaidi ya 1,100 chini ya bahari yalitolewa mazima. Wale wafungaji walijua kuwa chombo huvunjwa na nafasi ya kucheza.

Basi dada yetu aitazame sahani kwanza penye mwanga, apitishe kidole ukingoni. Ikiwa na ufa, au iliwahi kuungwa kwa gundi au kwa vibanio vya shaba, hapo ndipo itakapoachia, na huenda ikawa heri isisafiri. Ikiwa nzima, aizungushie karatasi nyeupe laini au kitambaa safi cha pamba. Asitumie gazeti, kwani wino wake huchafua. Juu yake plastiki yenye mapovu ya hewa, kisha sanduku gumu, kisha sanduku hilo ndani ya jingine kubwa, na baina yao sponji ya sentimita 5 au zaidi kila upande. Sahani isimame kwa ukingo wake, isilazwe. Ikilazwa, kishindo chote huingia katikati. Akiisha, alitikise sanduku kidogo. Akisikia au kuhisi kitu kinasogea, afungue, aanze tena. Na alifunge kwa namna ambayo mtu wa forodha aweza kulifungua na kulirudisha bila ya kisu.

Sanduku lipimwe kabla ya safari, lilinganishwe na kipimo ambacho shirika la ndege laruhusu ndani ya chumba cha abiria. Wengi hufika mlangoni mwa ndege ndipo huambiwa kuwa mzigo ni mkubwa, nao huchukuliwa chini.

Na wale wanaodhani kuwa kampuni italipa, wasome masharti. Kwa Mapatano ya Montreal ya mwaka 1999, mzigo uliopelekwa peke yake kama shehena hulipwa kwa uzito: tangu mwisho wa mwaka 2024 mpaka wake ni SDR 26 kwa kilo, yaani takriban dola 35 za Marekani. Sahani ya bibi yenye kilo mbili ni dola 70! Atakaye zaidi ya hapo hutangaza thamani yake mapema na kulipa ada. Ama kukata bima, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Jiddah mwaka 1985 ilikataza bima ya biashara yenye malipo maalumu, ikaruhusu ile ya kusaidiana, ambayo leo yajulikana kwa jina la takaful. Basi na atafutwe mwenye kuifanya hiyo.

(Aliye na msahafu wa kuandikwa kwa mkono asifuate haya. Huo huharibiwa na unyevu na joto kabla ya kuharibiwa na kishindo, nao tutauandikia mlango wake.)

Sahani ikifika Maskati, binti aifungue juu ya godoro, si juu ya meza, aitoe karatasi kwa karatasi, aipige picha, na siku ile ile awapelekee ndugu zake wote picha hiyo, akianza na yule aliyesema haitoki.