Papa wa Barabara ya Jogoo

Kwa kinyozi wangu hapa Shauri Moyo, Nairobi, si mbali na soko la Burma, ukingoja zamu yako lazima uonyeshwe simu. Wakati wa mafuriko ya 2024 nilionyeshwa papa. Anaogelea kando ya gari katikati ya barabara iliyojaa maji, na chini yake mtu kaandika: Barabara ya Jogoo, leo asubuhi. Kijana mwenye simu hakuwa na mzaha hata kidogo. Nikamuuliza huyo papa alipanda basi gani kutoka Mombasa, kilomita karibu 480, tena kupanda mpaka mita 1,700 juu ya bahari. Watu walicheka, lakini ubishi uliofuata ulimaliza vichwa vitatu. Nilishindwa kujibu vizuri kwa sababu mtu mwenye wembe shingoni hageuki ovyo. Nijibu hapa.

Walianza na ile ya kwamba picha haidanganyi. Papa mwenyewe ni wa kweli. Alipigwa picha Afrika Kusini na Thomas Peschak, akifuata mtumbwi wa mtafiti, na picha ikatoka katika jarida la Africa Geographic mwaka 2005. Baadaye mtu akamkata, akambandika kwenye maji ya mtaani. Mwaka 2011 papa huyo alikuwa Puerto Rico na kimbunga Irene, mwaka 2017 akawa Houston na kimbunga Harvey. Katembea kuliko sisi wote tuliokuwa pale kwa kinyozi.

Hiyo ni rahisi, maana picha ilichezewa. Sasa nipe jibu la chui mweusi. Februari 2019 dunia nzima ilituma picha za Will Burrard-Lucas, zilizopigwa usiku Laikipia kwa kamera za kutegwa. Ni picha safi, hakuna aliyezigusa. Ila zilizunguka na maneno kwamba chui mweusi hajapigwa picha Afrika kwa miaka 100. Watu wa gazeti la Nation walishangaa, kwa sababu mpigapicha wao Phoebe Okall alikuwa na picha ya chui mweusi aliyoipiga mwaka 2013, hapo hapo Laikipia. Picha halali, maneno yake ya uongo. Na ni maneno yale yaliyofanya watu waitume.

Hapa kwetu uongo wa aina hiyo una gharama. Moto wa Gikomba wa Juni 2018 uliua watu 15, na soko lile limeungua mara nyingi kabla na baada ya hapo. Picha ya moto mmoja inafaa kabisa kupachikwa tarehe ya mwingine: mabati yale yale, moshi ule ule, watu wale wale wanaokimbia na marobota kichwani. Jirani yangu anayeuza viatu vya mitumba aliwahi kutumiwa picha kama hiyo akiwa matangani kwao Siaya. Aliacha mazishi, akapanda basi la usiku. Alfajiri akaufikia mzigo wake na kuukuta kama alivyouacha, kufuli na kila kitu. Aliyemtumia alimwambia pole, hata yeye alitumiwa tu.

Na hiyo ndiyo hoja yao ya pili: mimi sikuitunga, nimeipitisha tu. Nenda pale Kamukunji kwa mafundi wa jua kali ununue sufuria iliyotoboka, kisha muuzaji akwambie hakuifua yeye. Utamwelewa? WhatsApp wenyewe walijua tatizo liko wapi. Januari 2019 waliweka kikomo cha kutuma ujumbe uliopokewa kwa watu au makundi matano kwa mara moja. Aprili 2020, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, ule wenye mishale miwili, ukabaki wa kutumwa mahali pamoja kwa mara moja. Breki hizo hazikufungwa kwa watungaji. Zilifungwa kwa wapitishaji.

Kwamba picha ikishaingia mtandaoni haina mwenyewe, sitakaa hapo sana. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambao wazazi hawakuulizwa. Mtaniambia hizo ni biashara, si kundi la marafiki. Sawa. Lakini yule dada aliyepigwa picha akiwa amelala kwenye matatu, mdomo wazi, haoni tofauti.

Kuna wajanja waliogeukia upande wa pili: siku hizi kila cha ajabu ni akili unde, usiamini chochote. Huo nao ni uvivu, umevaa suti tu. Septemba 2019 Maasai Mara alionekana mtoto wa pundamilia mwenye madoadoa badala ya milia, akapewa jina Tira, la mwongozaji watalii aliyemwona. Garissa kulikuwa na twiga weupe, na mwaka 2020 jike na mwanawe wakakutwa wameuawa na majangili. Mohawk, simba aliyetoka Mbuga ya Nairobi akapigwa risasi na askari wa wanyamapori huko Isinya mwezi Machi 2016, hakutengenezwa na kompyuta. Mtu akikataa kila picha kwa jumla, siku polisi watakapopiga mtu risasi barabarani naye akaonyeshwa, atasema ni akili unde, na mwenye bunduki atamshukuru.

Hoja nzito kuliko zote ilitoka kwa mzee aliyekuwa akinyolewa ndevu: lazima watu waone ukweli, hata wa damu. Namheshimu, lakini Januari 2019, baada ya shambulio la hoteli ya DusitD2 lililoua watu 21, Wakenya walilikasirikia gazeti la New York Times kwa kuchapisha picha ya maiti wakiwa mezani pao. Tulidai iondolewe, na tulikuwa na haki. Jioni hiyo hiyo simu zetu zilikuwa zikipitishana picha mbaya kuliko ile. Ukweli wa watu 21 unaelezeka bila kumwonyesha mama mwanawe kabla hajapigiwa simu na hospitali.

Mwisho wakasema mtu wa kawaida hana njia ya kujua. Anayo, tena kwa bando la shilingi kumi. Ifungue picha ndani ya Google Lens uone ilitokea wapi kwanza. Tazama usukani uko upande gani. Wetu uko kulia. Tazama namba ya gari, ya kwetu kwa kawaida inaanza na K. Soma mabango ya madukani. Kijana yule alifanya hivyo akiwa bado anapakwa spiriti, na papa akatokea Houston kabla chenji haijatoka.

Hakumfuta. Alisema ni papa mzuri. Mvua za masika zikirudi atatumwa tena, na akikufikia wewe, mwishie hapo hapo kwako.